Esnath Mwakalobo, Aliyepima Zebaki Kwenye Udongo wa Kwetu

Wachungaji, wazee wetu, na ninyi nyote mliofika kumzika dada yetu, naitwa Ackson Mwakalobo, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake.

Esnath alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Lufingo, mtoto wa kwanza wa mzee Ambwene na mama Tupokigwe, akasoma shule ya msingi hapa hapa, sekondari akamalizia Mbeya mwaka 1976, kisha akaenda Dar es Salaam, ambako alihitimu stashahada ya ufundi wa maabara mwaka 1980, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika maabara ya udongo mjini Mbeya.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na mwalimu Abrahamu Mwaisumo, wakajaliwa watoto watatu, Winfrida, Jacob na Ambilikile.

Biashara ya dhahabu ilipofunguliwa kwa wachimbaji wadogo wengi tulikwenda Chunya kuchimba, tukiikamata dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu, na mwaka 1993 maabara ikapata mashine ya kupima zebaki, Esnath akafundishwa kuitumia. Udongo huyeyushwa kwa asidi, ncha ya dhahabu hutumbukizwa humo, umeme mdogo huivuta zebaki ikaganda kwenye ncha, kisha umeme ukigeuzwa zebaki huachia, na mita husoma kiasi chake.

Wakati huo mimi nilikuwa nikileta dhahabu yenye zebaki na kuichomea jikoni kwa mama, ili zebaki itoke kwa moshi ibaki dhahabu. Julai 1995 Esnath alichukua udongo sehemu tisa za kiwanja chetu, akapima mara tatu, zebaki ya ule wa nyuma ya jiko ikazidi ya mwingine zaidi ya mara arobaini. Nilimwomba akitoa majibu asitaje mahali, akanijibu, "Ackson, mama anachuma mboga pale kila siku, nitasema ni kwetu."

Akasema, mbele ya mkutano wa kijiji. Udongo ule ulichimbwa ukafukiwa mbali, mama akahamishiwa jiko, familia saba zikapeleka udongo wao kupimwa, nami sikuzungumza naye hadi Pasaka ya 1998, nilipompelekea mkungu wa ndizi, akaupokea, akanikaribisha chakula.

Novemba 2001 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Dar es Salaam na hapa Tukuyu, akafariki tarehe 9 Juni 2003, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia na kumfulia, na wafanyakazi wenzake wa maabara.

Dada, mama ana miaka sabini na minne, ni mzima, yuko hapa mbele. Ulale salama, upumzike kwa amani.