Begi Lililokaa Koridoni

Ndugu, jamaa, majirani na wanamieleka, mliokaa na mliokosa viti, familia imenituma mimi, binti wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi, nami nitayasoma bila kuyapamba, maana maneno ya kupambwa yalikuwa yakimtia usingizi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake seremala, akiwa mtoto wa tatu na wa kwanza kukataa kubebwa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, kisha sekondari hadi 1989, ambako alisimamishwa wiki mbili kwa kumbwaga kiranja aliyempora mdogo wake daftari, adhabu aliyoiita likizo maisha yake yote.

Mwaka 1991 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, kitengo cha kufungasha, na tarehe 7 Mei 1994 alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza, katika ukumbi ulio juu ya duka la matairi, akapewa jina la Mwiba. Alifunga ndoa tarehe 20 Septemba 1997 na mwamuzi wa mieleka, mtu aliyehesabu hadi tatu kila mahali isipokuwa nyumbani kwake, wakajaliwa watoto wawili, ambao wako mbele yenu.

Sasa tumefika pale tulipoombwa turuke. Alhamisi chama cha mieleka kilituletea karatasi, kikitaka tusome kwamba marehemu alistaafu kwa hiari kutokana na maumivu ya goti, ndipo viongozi waje na shada na bendera. Jamani, goti lake lilikuwa zima.

Kila mwanamieleka anajua kwamba akiingia chumba cha kubadilishia nguo humpa mkono kila aliyemo, na kwamba anayemuumiza mwenzake kwa makusudi, begi lake hutolewa nje na kuwekwa koridoni, abadilishie nguo huko. Jumamosi tarehe 14 Machi 2009, mwanamieleka mpya, fundi cherehani, alipeana mikono na wote, akamkosa mkongwe aitwaye Jabali, aliyekuwa msalani. Mkongwe akaona amedharauliwa, akasubiri hadi ulingoni, na fundi alipojiachia mikononi mwake kama walivyopanga, akambwaga kwa kweli na kumvunja mtulinga. Mwiba alibeba begi la Jabali akaliweka nje, akamwambia: "Ushindi tunaupanga, kaka, lakini shingo ya mtu ni amana. Heshima gani hiyo ya kutafutwa kwenye mifupa ya watu?"

Mwenyekiti wa chama alilirudisha begi la Jabali ndani, akalitoa la Mwiba, akamwambia amwombe radhi mkubwa wake au abaki huko huko. Akabaki. Kwa mwaka mmoja na miezi minne alivaa viatu vyake koridoni, kando ya tangi la maji, mumewe akimshikia shuka kama pazia, na kila siku ya pambano aliingia kwanza akawapa wote mkono, akianza na mama mfagizi wa ukumbi, ambaye wengi walimpita kama ndoo yake, kisha akatoka. Waliomcheka, "Mwiba, huko nje mbu hawakusumbui?", aliwajibu kwamba mbu angalau huimba kabla ya kuuma.

Begi moja likamfuata, likafuata jingine, hadi Julai 2010 mabegi kumi na moja yakawa koridoni, na Jabali akabaki na chumba kizima, yeye na kioo. Chama kikawafukuza wote, wakaanzisha ulingo wao katika ghala la zamani la nafaka, ambako mpaka leo hajavunjika mtu kwa kiburi cha mwenzake. Huko ndiko kustaafu kwake kwa hiari.

Aligundulika na maradhi ya figo Novemba 2021, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na akaaga dunia Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa mbili na robo asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, ambaye safari hii hakuhesabu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotuazima viti, wenzake wa kiwandani, na fundi cherehani, ambaye bega lake lilipona likiwa limeinama kidogo, na ndilo lililobeba jeneza leo. Karatasi ya chama tumeirudisha. Mwenyekiti, tunayekuona umesimama getini, karibu ndani, ila utaratibu unaujua: mlangoni yupo mama mfagizi, anza naye.

Shangazi, begi lako tumeliweka ndani. Pumzika kwa amani.