Mwalimu Simama-Kwanza na Walinzi wa Seli

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, kifungua mimba wa fundi cherehani, katika chumba kilichopakana na karakana ya baiskeli. Mama yao alipofariki kwa saratani ya matiti, alimlea mdogo wake wa kike kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umeshika kitabu. Alihitimu ualimu wa baiolojia mwaka 1990.

Wanafunzi walimbatiza Simama-Kwanza, kwa sababu ya somo alilolipenda kupita yote: seli haigawanyiki kiholela. Kabla ya kunakili DNA yake husimama kukagua kama imekatika. Ikishanakili, husimama tena kuihakiki nakala. Hata dakika ya mwisho hungoja kila kromosomu, yaani kifurushi cha DNA, ishikwe pande zote mbili na nyuzi za kuivuta, ndipo seli igawanyike. Penye kasoro hurekebisha. Ikishindikana, hujiua ili isirithishe uharibifu. Wakaguzi hao aliwaita walinzi wa seli.

"Inajitoa mhanga, mwalimu?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

"Ndiyo, wala haidai shukrani."

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1993. Mlangoni, kabla ya kuingia kufungishwa ndoa, aliwasimamisha wote, akamuuliza bwana harusi, "Pete unazo?" Yule bwana akapapasa mifuko, zilikuwa zimebaki nyumbani. Mashemeji wamemtania kwa hilo mpaka mwaka huu.

Mwaka 2021 alipatwa na saratani ile ile ya mama. Baadhi ya ndugu walinong'ona kwamba ukoo umerogwa. Vipimo vilionyesha kasoro ya kurithi katika jeni inayosaidia kurekebisha DNA iliyokatika na kuizuia seli isigawanyike nayo.

"Hakuna mchawi hapa," alisema. "Tumezaliwa na mlinzi mmoja mgonjwa, basi. Mdogo wangu, nenda kapimwe."

"Dada, niache. Nikijua, nitakufa kwa mawazo."

"Na usipojua?"

Walinuniana wiki nzima, na jambo hilo lilimuuma marehemu kuliko sindano zote.

Alifariki hospitalini tarehe 3 Juni 2024, alfajiri, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, na mdogo wake huyo, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Alikwenda kupimwa mwezi uliopita kwa siri, akitaka kumpelekea dada yake habari njema. Majibu yametoka jana. Anayo kasoro ile ile, lakini saratani haijaanza, na daktari anasema wamewahi. Dada hakujua.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Jumatatu nakwenda kuanza matibabu ya kinga, na wanao nawapeleka wapimwe.