Wasifu wa Fundi Mita, Aliyegoma Kushusha Giaboksi

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Fundi Mita, alizaliwa tarehe 9 Juni 1964, mtoto wa tatu wa mshona viatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alihitimu umeme wa magari chuoni mwaka 1986. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba ni mbishi, na hakumsingizia.

Mwaka wake wa kwanza gereji alishusha giaboksi ya otomatiki, akafunga nyingine, na gari likabaki na ugonjwa ule ule. Kumbe ni swichi iliyooza. Aibu ile ilimkaa rohoni. Tangu hapo hakushika spana kabla ya kupima umeme, na mita ikawa haimtoki shingoni.

Februari 1996 mkunga wa zahanati alileta gari ambalo likishapata moto linang'ang'ania gia ya tatu na kushindwa kupanda mlima. Bila gari hilo, wajawazito wa ng'ambo ya mlima wangejifungua peke yao. Bosi alisema giaboksi imekufa, ishushwe, nyingine isubiriwe mwezi mzima. Marehemu akagoma. Akapewa siku mbili. Akishindwa, afungashe virago.

Siku ya kwanza alipima gari likiwa limepoa. Nyaya zote zilikuwa nzima. Mkunga akamuuliza kama ana uhakika na anachofanya.

"Sina, dada," alimjibu. "Ningekuwa nao nisingepima."

Siku ya pili waliliendesha mpaka likapata moto, wakalizima. Akajilaza chini yake, akatikisa waya mmoja mmoja huku mkunga akimsomea mita. Kwenye waya wa sensa ya spidi, ile inayoiambia giaboksi lini ibadili gia, namba zikapotea. Ganda lilikuwa zima, shaba imekatika ndani, ikigusana gari likipoa na kuachana likipata moto. Akaunga, na jioni ile gari likapanda mlima. Bosi alimnunia wiki nzima.

Mkunga alirudi mara tatu na gari lisilo na ubaya wowote. Ya tatu ndipo fundi wetu alipoelewa. Walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1997.

Alianza kuugua figo Novemba 2022. Alibishana na madaktari, akafanya kazi kwenye kiti hadi mwezi wa mwisho. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Mei 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Tumeumia sana.

Ameacha mjane, mabinti wawili na mjukuu. Ng'ambo ya mlima wapo pia watu wazima waliozaliwa mwaka ule wa 1996, mkunga akiwapokea. Wanne kati yao ndio watakaolibeba jeneza leo.

Mungu ampokee, apumzike kwa amani.