Jibini Lisilopungua Uzito: Maneno ya Kumuaga Bi Sjoukje Terpstra

Mheshimiwa Meya wa Oudewier, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi ya Ushirika wetu wa Maziwa, pamoja na wajumbe wa bodi mliosalia, ndugu zetu wa benki, ambao leo mmekuja bila wakili, waheshimiwa wakaguzi wa nje wa hesabu, wafugaji wenzangu, nawe Bi Sjoukje Terpstra, uliyeniomba nisiseme mengi: habari za jioni.

Mimi ni Baukje Wiarda, mfugaji wa ng'ombe na mwenyekiti wa baraza la wafugaji. Nimepewa heshima ya kumuaga mhasibu ambaye kazi yake maisha yote imekuwa kusoma hesabu za kampuni zinazotiliwa shaka, na kutafuta mwizi aliyejificha ndani yake. Anastaafu leo. Najua wapo humu ukumbini waliopokea habari hiyo kwa furaha ya kweli kabisa.

Mabibi na mabwana, ili tumshukuru ipasavyo, hatuna budi kwanza kumkumbuka Bwana Douwe Bruinsma, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wetu. Nani kati yetu hakumpenda Douwe? Alijua majina ya watoto wetu. Alikuja kwenye mazishi yetu akiwa amevaa koti jeusi zuri kuliko la padri. Na alipotwambia kwamba malipo ya maziwa yatachelewa kidogo, kwa sababu fedha za ushirika zimelala ghalani pamoja na jibini linalokomaa, tulimwelewa, tukarudi nyumbani kukamua. Alipotwambia hivyo mwaka uliofuata, tulimwelewa tena. Watu waelewa kama sisi ni hazina kwa mkurugenzi yeyote.

Na ghala letu lilikuwa la kujivunia. Kwa mujibu wa taarifa za Douwe, ndani mlikuwa na mabonge ya jibini ya kutosha kuilisha nusu ya nchi, yote yakikomaa kwa utulivu, na benki ikatukopesha kwa dhamana ya hayo mabonge. Benki haikulionja jibini lenyewe, ila ilionja chakula cha mchana cha Douwe, ikaridhika. Wakaguzi wa nje walikuja kila mwaka, wakasimama mlangoni mwa ghala, wakahesabu safu ya mbele, wakazidisha kwa idadi ya safu, wakanywa supu ya haradali, wakatia sahihi. Sahihi zile nimeziona. Mwandiko ni mzuri sana.

Mheshimiwa Meya, wewe mwenyewe ulitukabidhi tuzo ya manispaa ya ufanisi, kwa kuwa ushirika wetu ndio pekee katika mkoa mzima wa Friesland ambao jibini lake halikupoteza hata kilo moja ghalani. Tulisimama tukapiga makofi. Ukumbi mzima ulijaa wafugaji, watu ambao tangu utotoni tumekula jibini kuukuu na kulitafuna kwa shida, na hakuna aliyejiuliza ugumu ule unatoka wapi.

Bi Sjoukje ndiye aliyejiuliza. Malipo yalipochelewa mara ya tatu, baraza letu lilipiga kura tumlete kutoka mjini Leeuwarden. Bodi ilipinga, kisha Douwe akaituliza. "Mleteni huyo mama," alisema, na mimi nilikuwepo. "Tumpe kahawa na meza karibu na dirisha. Hesabu zetu ni safi mpaka zinateleza."

Kabla hajafungua faili hata moja, Sjoukje aliliita baraza akasema, "Kaka yangu Tjalling anawaletea maziwa. Mkitaka nijitoe, nitajitoa leo, na wala sitaona vibaya." Tukashauriana, tukamwambia aendelee. Nataka bodi ikumbuke kwamba jambo la namna hiyo, yaani mtu kutaja ndugu yake kabla hajaulizwa, linawezekana. Tumeliona kwa macho yetu.

Siku ya pili alinijia zizini na swali moja. "Baukje, jibini likikaa miaka miwili, linafanya nini?"

"Linakauka," nikamjibu.

"Likikauka?"

"Linapungua uzito. Kila mtu anajua."

"Basi la kwenu halijui," akasema. "Limeingia likiwa na kilo kumi na mbili, na miaka miwili baadaye lina kilo kumi na mbili. Mmepewa na tuzo."

Niliweka ndoo chini.

Kuanzia hapo alifanya kazi ambayo kwa mbali ilionekana ya kuchosha kupita kiasi. Aliacha kuuliza jibini ni kiasi gani, akaanza kuuliza jibini hilo linatunzwa na nani. Bonge linalokomaa sharti ligeuzwe na kupanguswa: mishahara ya wageuzaji iko wapi? Akakuta wageuzaji wawili, mmoja ana mgongo mbovu. Ghala linahitaji hewa ya kukausha: ankara za umeme zinasemaje? Zilikuwa ndogo kama za nyumba ya mjane. Kisha akafuata malori. Yalionyesha kwamba jibini lilikuwa linaondoka likiwa bado changa, kwa bei ya kutupa, kwenda kwa kampuni moja ya mjini Ghent, Ubelgiji. Akapanda treni akaenda Ghent. Anwani ya kampuni ilikuwa nyumba ya mama mkwe wa Douwe, bibi wa miaka themanini na tisa, ambaye alimkaribisha kwa biskuti.

Mazungumzo yao yalisomwa mahakamani, na hata hakimu aliomba yarudiwe.

"Bibi, wewe ndiye mkurugenzi wa kampuni hii?"

"Mkwe wangu aliniletea karatasi nitie sahihi. Alisema ni za bima."

"Hapa inaonekana umenunua tani mia mbili za jibini."

"Mwanangu, jibini mimi silili. Tumbo langu halilitaki."

"Na umeliuza tena kwa bei maradufu."

"Loo," akasema yule bibi. "Kumbe ninajua biashara. Marehemu mume wangu hangeamini."

Faida ile ndiyo iliyonunua nyumba ya Ureno na farasi wa Douwe. Nasi tulikuwa tukisubiri jibini likomae.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu sehemu hii si ya kuchekesha. Habari zilipoanza kuvuja, Tjalling Terpstra alikwenda jikoni kwa dada yake. Alikuwa na mkopo wa zizi jipya, na alijua kwamba benki ikisikia itafunga mfereji wa mikopo siku hiyo hiyo.

"Dada, ngoja mpaka majira ya machipuko," alimwambia. "Sikwambii ufiche. Nakwambia ngoja tu. Niuze ndama kwanza."

"Nikingoja, utampelekea Douwe maziwa ya msimu mzima wa baridi, na hutalipwa hata senti."

"Na ukisema leo, nitapoteza ng'ombe wote."

"Na wenzako je? Nikuambie wewe, wao nisiwaambie?"

Tjalling akachukua kofia yake akaondoka. Sjoukje alinieleza haya muda mrefu baadaye, na alikiri kwamba baada ya kaka yake kutoka alikaa akiutazama mlango, akitamani kumwita arudi.

Asubuhi yake tuliingia ghalani: yeye, Douwe, mkaguzi wa nje, na mimi. Sjoukje alipita safu ya mbele bila kuitazama, akaenda nyuma kabisa, akavuta bonge moja. Lilitoka jepesi kama mto wa kulalia. Lilikuwa ubao, limepakwa rangi ya njano.

"Hilo ni la maonyesho," akasema Douwe.

Akavuta la pili. "Na hili?"

"Nalo la maonyesho."

Akavuta la tatu, la nne, la tano. "Bwana Douwe," akasema, "mlikuwa mnajiandaa kwa maonyesho makubwa."

Mkaguzi wa nje alivua miwani, akaifuta, akasema kwamba mkataba wa kampuni yake ulihusu idadi na wala haukuhusu aina ya malighafi. Nampongeza. Ni watu wachache wanaoweza kupata sentensi kama ile wakiwa wamesimama mbele ya ubao.

Douwe alihukumiwa kifungo, na farasi waliuzwa. Bodi ilieleza kwamba ilidanganywa, na ikajisamehe kwa kauli moja. Sisi wafugaji tulirudishiwa chini ya nusu ya haki yetu, lakini ushirika ulisimama, kwa kuwa ugonjwa ulijulikana kabla maziwa ya msimu ule hayajaingia tumboni mwake. Wengi wetu bado tunakamua. Wengine hapana. Tjalling ni mmoja wa wale wengine. Aliuza ng'ombe wote, sasa anaendesha lori la chakula cha mifugo, na tangu asubuhi ile hajazungumza na dada yake.

Bodi ilipendekeza tuanzishe tuzo ya uadilifu yenye jina la Bi Sjoukje. Amekataa, na nadhani nyote mnaelewa kwa nini. Nilipomuuliza basi anataka nini, akasema, "Mwalike kaka."

Nilikwenda juzi. Tjalling alinisikiliza akiwa amesimama kando ya lori, injini inanguruma.

"Siji," akasema. Akapanda, akafunga mlango, kisha akashusha kioo. "Mwambie alifanya sawasawa. Mwambie pia bado nina hasira."

Nilimpelekea Sjoukje maneno hayo yote mawili, bila kupunguza. Akasema, "Baukje, hayo ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu siku ile. Nayapokea yote."

Mheshimiwa Meya, wageni waalikwa, tutakapokaa kula usiku huu tutamsifu mama huyu kwa akili yake, na ni haki. Mimi namshukuru kwa ule mlango wa jikoni ambao hakuufungua tena kumwita kaka yake arudi, kwa sababu gharama yake aliilipa peke yake, na sisi ndio tunaokamua.

Bi Sjoukje, nakutakia mapumziko mema. Nanyi nyote mlioniazima masikio yenu, nawashukuru sana.