Nilishuhudia Kupona Ugonjwa Nisiokuwa Nao

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimekuja na uchungu na sitauficha.

Wengi hapa Kinoo mnakumbuka nilivyokuwa nikikimbia kila asubuhi hadi mjini kutafuta vibarua, viatu mkononi visiishe soli. Uhuru ulipokuja nilikuwa na miaka arobaini, na vijana hawakunipata! Mwaka ule nikapata kazi ya kudumu ya utarishi, ikabaki kupimwa afya tu. Mpimaji akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, akahesabu tena. Arobaini na mawili kwa dakika.

"Moyo wako umechoka," akasema. "Usikimbie, usibebe kitu."

Kazi ikapotea hapo hapo.

Ndugu zangu, niliogopa! Miaka saba nilikaa kitini kama mgeni nyumbani kwangu. Mke wangu Rispa alichota maji, akapasua kuni, akafulia watu nguo Kilimani, mpaka mgongo ukapinda. Ninyi mlifunga mkaniombea. Siku moja kwenye zahanati wakahesabu mapigo themanini, nikasimama hapa nikashuhudia kwamba nimepona. Mlipiga vigelegele!

Lakini nilipojaribu kazi, kilima kidogo tu nikawa nahema. Mwezi uliopita nikaenda kwa daktari mmoja Parklands. Akauliza kama niliwahi kukimbia. Nilipomweleza, akavua miwani.

"Mzee, hukuwa mgonjwa. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kichwani kuutuliza moyo. Kwa mkimbiaji unafanya kazi sana, moyo unapiga polepole. Ukikaa tu, nguvu hiyo inapungua, mapigo yanaongezeka. Na umri nao unaipunguza."

Nilirudi nikamwambia Rispa.

"Miaka saba, Baba Wafula?" akauliza, kisha akachukua ndoo akaenda kuchota maji.

Ndugu zangu, ufuteni ushuhuda wangu wa kwanza. Nilimwomba Mungu aniondolee alichonipa, na kilipoondoka tukashangilia! Hasira ninayo, ya yule mpimaji na yangu mwenyewe. Lakini namshukuru Bwana, amenitoa kitini. Natembea kila siku, polepole. Daktari anasema moyo utarudi kidogo, si wote.

Nawe unayekaa kwa hofu, mtumaini Mungu, usimame, uulize mara ya pili. Mimi sikuuliza. Nilimwachia Rispa mzigo, na mgongo wake hakuna daktari anayesema utarudi.