Kadi Zilizopanga Foleni

Mgeni rasmi, Mkuu wa Afya wa wilaya. Wauguzi wa zahanati yetu. Meneja wa shamba. Wazazi na wenzetu wote,

MAKARIBISHO

Sisi wachuma chai wa kitalu cha juu tunakukaribisha kwa mikono miwili. Barabara umeiona mwenyewe, hatuna la kuongeza. Tumesikia umekuja na cheti cha zahanati iliyowafikia kwa uzazi wa mpango wanawake wote walioandikishwa. Tunaomba kisibandikwe ukutani kabla hatujamaliza kusoma.

HISTORIA

Sindano ya miezi mitatu hutolewa hapa Jumanne tu. Jumanne pia ndiyo siku lori la kiwanda linapokuja kupima jani. Kwenye mizani tuna desturi yetu: kikapu hupanga foleni badala ya mwenyewe. Unakiacha, unakwenda kunyonyesha, ukirudi nafasi yako ipo, na hakuna anayethubutu kukisogeza.

Basi Jumanne moja mwanzoni mwa mwaka tukasema, kama kikapu kinaweza, kadi itashindwaje? Wanawake kumi na mmoja wakampa kadi zao katibu wa kikundi, mwenye baiskeli. Katibu huyo ndiye anayekusomea risala hii. Alifika wa kwanza, akajisifu njia nzima ya kurudi. Muuguzi alikuwa peke yake, akazigonga mhuri zote mapema ili wenyewe wakija iwe kuchoma tu. Lori likachelewa. Wanawake walipomaliza kupimiwa na kufika zahanati, mlango ulikuwa na kufuli.

MAFANIKIO

Kwenye daftari, wote kumi na mmoja walichomwa. Hayo ndiyo mafanikio yaliyokuleta.

CHANGAMOTO

Wiki iliyofuata waliomba ruhusa, wakamkuta muuguzi mwingine.

"Mama, umeshachomwa. Tarehe hii hapa."

"Mwanangu, mkono ni wangu. Ningejua."

"Mhuri ndio huu. Nikikuchoma mara ya pili, nitajibu mimi."

"Basi ungeichoma hiyo kadi, ndiyo iliyokuja!"

Foleni nzima ilicheka. Leo wanane kati yao ni wajawazito. Wapo wanaowaita wazembe. Hatukubali. Mzembe hatumi kadi kabla jua halijachomoza.

Mmoja wao alizaa kwa kupasuliwa mwaka jana, akaambiwa asishike mimba mpaka kovu lipone sawasawa. Ni dada wa msomaji. Mwezi wake ni huu. Ndiye aliyekaa kwenye kiti cha wageni pale mbele, kwa kuwa chini hawezi kukaa. Asiulizwe kadi ya mwaliko. Msomaji amezoea kutunga mashairi, lakini kwa jambo hili ameona vina vitamchelewesha.

MAOMBI

Siku ya sindano ihamishiwe Jumamosi. Mhuri ugongwe baada ya mkono, si kabla. Wanane hawa wapewe kazi ya kuchambua jani, wasibebe vikapu. Daftari lisahihishwe, nasi tutatia saini kwamba kosa la kutuma kadi lilikuwa letu.

La mwisho halingoji kikao. Zahanati haina chumba cha upasuaji, na usafiri wetu ni lori la Jumanne. Tunaomba leo ukiondoka umchukue dada yetu hadi hospitali ya wilaya. Cheti tunakirudisha kwa heshima zote. Kiti cha gari kilichokileta kinamtosha.

Mungu akusafirishe salama, wewe na atakayekaa kando yako.

Ni sisi,
Wachuma Chai wa Kitalu cha Juu