Sofia Ni Kitongoji cha Pernik

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao mbele ya mashine ya kahawa, nyuma ya stesheni ya Pernik, mji wa makaa na chuma huko Bulgaria. Kila asubuhi nusu ya mji hupita hapo mbio kuwahi treni ya kwenda kazini Sofia, mji mkuu, na jioni hurudi bila haraka yoyote. Wasiopanda treni ni watatu. Yupo Nondo, mstaafu wa kiwanda cha chuma, mwenye viganja kama sufuria. Yupo Profesa, ambaye hajawahi kumfundisha mtu kitu, ila aliuza tiketi miaka thelathini huku akisoma magazeti dirishani. Na yupo Stoyko, mchimba makaa wa zamani, mjane, mtu mpole. Alhamisi hiyo Stoyko alikuja amenyoa ndevu, na pale kijiweni mtu akinyoa katikati ya wiki ama ana msiba ama ana kesi.

— Nani kafa? akauliza Nondo.

— Hajafa mtu. Yoana wangu anaolewa.

— Sasa mbona umekauka uso kama mkate wa jana?

— Jumamosi nakutana na wakwe. Huko huko Sofia, kwenye mgahawa. Jana kanipigia: "Baba, wakikuuliza, waambie sisi ni watu wa Sofia."

Wote wakaacha kutafuna mbegu za alizeti. Stoyko alikuwa amekesha usiku kucha. Mtoto kamlea peke yake tangu ana miaka sita, kamsuka nywele kwa vidole vya mgodini, leo anaambiwa aufiche mji kama mtu anayeficha kiraka. Ilimuuma.

— Mwacha asili ni mtumwa! Nondo akaropoka.

Profesa akamkanyaga.

— Yaani, hongera sana, akamalizia Nondo.

— Mimi kudanganya siwezi, akasema Stoyko. Na kumharibia mtoto sitaki. Nisaidieni, jamani.

Profesa akajiweka sawa. Hilo ndilo neno alilokuwa akilisubiri maisha yake yote.

— Wala hutadanganya. Hili ni suala la jiografia tu. Hapa na Sofia ni kilomita ngapi?

— Thelathini na kidogo.

— Basi. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

— Ndiyo nini?

— Ndiyo kusema Sofia si mbali.

— Mbona treni inachukua saa nzima?

— Hiyo ni tabia ya treni, umbali usiusingizie. Treni ile ukiipanda sebuleni kwako, chooni unafika baada ya saa moja.

Nondo akatema ganda la alizeti.

— Mnakosea wote. Si Pernik iliyo Sofia. Sofia ndiyo iko Pernik! Nani aliwapasha moto wale? Makaa yetu. Nani kasimamisha maghorofa yao? Chuma chetu. Gonga ukuta wowote Sofia, ndani nimo mimi.

— Wewe ukigonga ukuta unaanguka. Ndiyo maana hualikwi, akadakia Profesa.

— Sofia ni kitongoji chetu, nakwambia! Kimekua tu kikakosa adabu.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akakubali Profesa. Tena ngoja niwape historia. Walipokuwa wanatafuta mji mkuu, wakubwa walikuja hapa kwanza. Wamevaa mashati meupe. Kufika saa nne, mashati meusi tii. Wakasema, mji tumeupenda, sabuni ndiyo hatuna. Wakaweka ofisi Sofia kwa muda. Kwa muda! Mpaka leo hakuna aliyetangaza kwamba muda umekwisha.

— Umesoma wapi hayo? akauliza Stoyko.

— Gazetini.

— Gazeti gani?

— Lililofungiwa jibini.

Stoyko akacheka bila kutaka. Nondo akaona nafasi.

— Stoyko, nyinyi kule mgodini mlichimba kuelekea wapi?

— Mashariki, mashariki. Miaka ishirini.

— Hamkuwahi kusikia muziki juu?

— Siku moja tulisikia kitu kama tarumbeta.

— Kwisha! Hilo ni jumba la muziki la Sofia. Bwana, umefanya kazi mji mkuu miaka ishirini, ila ghorofa ya chini!

Stoyko akakuna kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu jana alianza kuamini kwamba Jumamosi ingepita salama.

— Tufanye mazoezi, akaamuru Profesa. Kuanzia sasa, yeyote akiuliza, sisi ni wa Sofia.

Hata hawajameza mate, gari la namba za Sofia likasimama. Akashuka kijana mrefu, mkononi ana chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, iliyofungwa utepe mwekundu, kwapani mkate wa duara umeviringishwa kitambaa. Namna hiyo hutembea mtu mmoja tu: anayekwenda kuposa.

— Shikamooni wazee. Samahani, nyinyi ni watu wa hapa?

Nondo akamtazama Profesa. Profesa akaitazama mashine ya kahawa.

— Wa... upande huu, akasema Profesa.

— Namtafuta mzee Stoyko, baba yake Yoana. Yoana mwenyewe ananiambia ni wa Sofia. Lakini akikasirika anafoka kama watu wa Pernik. Nimeona nije nimwombe binti kwake uso kwa uso, kama ada ilivyo, kabla ya Jumamosi.

Stoyko akainuka benchini.

— Akikasirika anasemaje?

— Anasema, "Toka hapa kabla sijaenda kuchukua chuma."

— Mama yake kabisa huyo, akasema Stoyko, na machozi yakamtoka waziwazi. Mwanangu, ni mimi.

Kijana akaweka chupa na mkate benchini, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. Nondo alikuwa akipenga kamasi kwa kishindo.

— Sikiliza, akasema Stoyko. Mgahawa achana nao. Jumamosi walete wazazi wako nyumbani kwangu. Nitapika maharage, nitawaonyesha mji. Mimi ni mtu wa Pernik, siwezi kuanza upya leo.

— Sawa, baba. Watafurahi. Kijana akasita kidogo. Na Yoana, nani atamwambia?

Nondo akainuka kwenda kugombana na mashine ya kahawa. Profesa, ambaye hajapanda treni tangu astaafu, akasema anawahi treni.